Kikapu cha Siku ya Soko

Hekima ya nyumba hujulikana kwa kikapu chake. Nimezoea kutazama vikapu katika njia iendayo soko la kijijini kwetu. Asubuhi hupita na mayai, kunde, mnavu na mapapai ya kuuzwa. Jioni hurudi na sukari, mkate mweupe na soda. Simlaumu mama atafutaye karo ya mtoto. Hata hivyo, biashara hii ina hasara isiyoandikwa daftarini. Soda ya mililita 300 huwa na sukari ipatayo gramu 30. Yai lililouzwa ili inunuliwe lilikuwa na protini ya kumjenga mtoto mwili. Unga wa mahindi yaliyokobolewa ni mweupe kwa sababu pumba na kiini, vyenye vitamini nyingi, vimeondolewa.

Basi, ewe kijana utumwaye sokoni, shika mambo matatu. Kabla ya kuuza mboga, bakiza ya chungu chenu. Kabla ya kununua kitamu, nunua maharagwe au dagaa. Mahindi yenu yasagwe bila kukobolewa. Soko huuza kila kitu isipokuwa busara ya kuchagua. Hiyo hutoka nyumbani.