Msiba wa Magazeti ya Ng'weno

Mwanahabari wa Kenya Hilary Ng'weno alipofariki dunia Julai 2021, akiwa na umri wa miaka 83, aliombolezwa kama anavyostahili mtu wa hadhi yake. Ila katika tanzia nyingi nilizosoma kulikuwa na jambo lililopitiwa mbio mbio, aya moja au sentensi moja tu: magazeti yaliyomfia mikononi yeye mwenyewe akiwa hai. Mtu akifa tunajua la kufanya. Tunachanga, tunazika, tunakaa matanga hadi siku ya kuyaondoa. Gazeti likifa, muuzaji huijaza nafasi yake kwa jingine, na asubuhi inaendelea.

Mimi nayalilia magazeti hayo, na sioni haya kusema hivyo.

Ng'weno alizaliwa Nairobi mwaka 1938, akasoma shule ya Mang'u, kisha Chuo Kikuu cha Harvard, alikochukua fizikia. Aliporudi aliingia kwenye uandishi, na kabla hajatimiza miaka 30 akawa Mkenya wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation. Ni kiti ambacho wengi wangekikalia hadi kustaafu. Yeye alikiacha. Nation ilikuwa ya Aga Khan, kiongozi wa Waismailia. Gazeti jingine kubwa, Standard, nalo likaja kuwa mali ya Lonrho, kampuni ya London. Nchi ilikuwa na bendera yake na wimbo wake, lakini sauti iliyoisimulia kila asubuhi ilikuwa na wenyewe kwingine. Mwaka 1973, yeye na mchoraji Terry Hirst walianzisha Joe, jarida la vichekesho vya mwananchi wa kawaida. Kulikuwa pia na Rainbow, la watoto, lililohaririwa na mkewe, Fleur. Februari 1975 akatoa The Weekly Review.

Mwezi uliofuata, mbunge J.M. Kariuki aliuawa, na mwili wake ukapatikana Ngong. Mji mzima ulijaa minong'ono. Jarida ambalo halijapata hata wasomaji wa kudumu lilikuwa na kila sababu ya kunyamaza, na halikunyamaza. Hapo ndipo watu walipolijua.

Ukishika toleo la zamani leo utakuta karatasi imegeuka manjano na pini za katikati zimeshika kutu. Maandishi ni madogo, yamebanana, picha ni za kuhesabika. Msomaji hakubembelezwa. Uchaguzi ukikaribia, jarida lilipita jimbo baada ya jimbo: nani anagombea, nani yuko nyuma yake, mara iliyopita aliangushwa na nini. Watafiti wa siasa za Kenya hulirejea hadi leo, maana mengi yaliyomo hayapatikani kwingine. Liliandikwa kwa Kiingereza, na hilo liliwafungia nje Wakenya wengi waliolihitaji. Kwa sisi tunaoandika Kiswahili, huo ni uchungu juu ya uchungu. Hata hivyo ni nadra nchi changa kupata kioo safi namna ile.

Mwaka 1977 alianzisha Nairobi Times, gazeti la Jumapili ambalo baadaye likawa la kila siku. Nadhani hapo ndipo alipobeba mzigo uliomzidi. Jarida la wiki unaweza kulisukuma kwa waandishi wachache na moyo mkubwa. Gazeti la kila siku linataka karatasi, mtambo, magari ya usiku, mishahara ya mwisho wa mwezi, na pesa anazolipa msomaji hazitoshi kuimaliza safari. Kinacholiweka hai ni matangazo, na katika Kenya ya wakati huo mtangazaji mkubwa alikuwa serikali na mashirika yake ya umma. Kulikuwa na kipindi mashirika hayo yalipoambiwa yasimpelekee matangazo. Mkono mtupu haulambwi. Mwaka 1983 aliliuza Nairobi Times kwa KANU, chama tawala, likabadilishwa jina na kuwa Kenya Times.

Tafakari kidogo: gazeti lililozaliwa ili Mwafrika mmoja aseme bila kuomba ruhusa liligeuka kuwa la chama pekee kilichoruhusiwa na sheria. Mwishoni mwa miaka ya 1980 KANU ikaingia ubia na Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, na ukatangazwa mpango wa kulijengea gazeti hilo jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alisimama kidete, akatukanwa hadi bungeni, na jumba halikujengwa. Maxwell alikufa baharini mwaka 1991. Kenya Times ilifungwa mwaka 2010. Sijui kama kuna aliyeilia.

The Weekly Review liliendelea, lakini kwa tahadhari. Vyama vingi vilipokaribia, majarida mengine, kama Nairobi Law Monthly na Society, yalisema kwa ukali na wahariri wake wakalipia. Wasomaji waliokuwa na kiu ya ukali huo walihamia huko, na wapo waliomwona Ng'weno kuwa amesogea karibu mno na wakubwa. Lawama hiyo ina uzito wake. Lakini mtu aliyekwisha kunyang'anywa gazeti kwa njia ya hesabu anajua vizuri kinachoweza kumfuata, na siwezi kumhukumu kwa urahisi. Alijaribu pia televisheni, STV, nayo haikudumu mikononi mwake. Mwaka 1999 The Weekly Review lilifungwa, baada ya miaka 24.

Uzeeni alirudi kwenye kumbukumbu. Filamu zake za historia, The Making of a Nation, zilionyeshwa mwaka 2007, na kizazi ambacho hakikuwahi kushika jarida lake kikasikia habari za mwanasiasa Tom Mboya na J.M. kutoka kwake.

Kama baba yako au mjomba wako aliweka matoleo ya The Weekly Review stoo, usiyauze kwa kilo yakafungiwe njugu. Yapeleke maktaba iliyo karibu nawe, uwaombe wayapokee, na kabla hujayaachia, soma toleo moja kuanzia jalada hadi jalada.