Muhula wa Mdeni

Udalali nilioushika mjini Mombasa hadi nilipostaafu haukuwa ule wa nyumba na viwanja, bali ule wa kutwaa mali ya mdeni na kuinadi. Na katika mali zote zilizopita mikononi mwangu hapana iliyoniletea laana na maombi kwa wingi kama gari, kwani gari la mkopo aghalabu huwa ni matatu inayolisha nyumba tatu au nne, au lori la kubeba shehena kutoka Kilindini, na anayekuja kulichukua, hata akiwa na hati mkononi, huonekana amekuja kuchukua riziki yenyewe.

Leseni yangu niliipata chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, na kanuni zake za 1997 nilizisoma mpaka nikazihifadhi, maana humo ndimo ilimoandikwa tofauti baina ya dalali na mnyang'anyi. Dalali akisha kupokea amri ya mahakama au barua ya mdai, yampasa aitie katika daftari lake. Kisha aandike orodha ya mali, thamani yake na hali yake, itiwe sahihi na mwenyewe au na mtu mzima aliyepo pale. Kisha ampe mdeni ilani ya siku saba ajikomboe, na kabla siku hizo hazijatimia hana ruhusa ya kuondoa hata gurudumu. Akisha kuliondoa gari, tangazo sharti litoke gazetini, na mnada usifanyike mpaka zipite siku saba nyingine tangu tangazo la kwanza. Na ikihofiwa kwamba mlango utavunjwa au amani itavurugika, huenda kwanza kwa hakimu kuomba msaada wa polisi.

Siku saba si nyingi, lakini nimeona zilivyookoa watu. Nimeona bangili za dhahabu zikitoka kabatini Majengo, na ndugu waliokuwa hawasemezani wakichangiana. Mwenye matatu mmoja wa Kisauni alinishika mkono akanambia, "Mzee wangu, nihurumie mpaka Ijumaa," nami nikamjibu, "Mwanangu, Ijumaa ni yako kwa sheria, usinishukuru mimi, nenda ukatafute." Alhamisi usiku alikuja na fedha zote.

Wadai hawakuupenda muhula huo. Meneja mmoja wa kampuni ya mikopo alinitaka niende usiku na vijana na breki-dauni, ilani ifuate baadaye, akidai kwamba mdeni akionywa gari hufichwa. Hofu yake haikuwa ya kuzua: nimekuta magari yamefunikwa turubai katika mashamba ya Mtwapa, na mengine injini imekwisha kung'olewa. Lakini mdai anayehofia hivyo mlango wa mahakama u wazi kwake, naye aliyetaka mkato huo alitaka kumnyima mdeni haki asiyoijua. Nilikataa, na kazi zake zikaenda kwa wengine.

Haki isiyojulikana kuliko zote ni ile ya thuluthi mbili. Gari likiuzwa kwa malipo ya polepole, muuzaji akibaki mwenye mali mpaka shilingi ya mwisho, Sura ya 507 ya sheria za Kenya yasema kwamba mnunuzi akisha kulipa thuluthi mbili ya bei yote, gari halichukuliwi tena ila kwa kushtakiana mahakamani. Huko Changamwe nilipeleka ilani kwa mwenye lori, akanitolea stakabadhi zake zote katika mfuko wa sukari. Tukakaa chini ya mwembe tukajumlisha, amana ya kwanza na kila mwezi wake, na hesabu ikavuka thuluthi mbili. Barua ya mdai niliirudisha siku ile ile. Shauri likaenda kwa hakimu, na mzee yule akapewa ruhusa ya kulipa baki kidogo kidogo huku lori likifanya kazi.

Zama hizi mauzo ya namna hiyo yamepungua, na mahali pake umeingia mkopo wa logibuku, ambapo mtu huweka rahani gari lililo lake tayari, na jina la mkopeshaji likaandikwa pamoja na lake. Kwa kuwa hapo hakuna kununua, ile kinga ya thuluthi mbili haimfikii, ijapokuwa huenda amekwisha kulipa zaidi ya yule wa Changamwe. Na sheria mpya ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoifuta ile kongwe ya Chattels Transfer, haikumpa kinga hiyo. Nimesema mbele ya mawakili na madalali wenzangu, kila nilipopewa nafasi, kwamba naye asikilizwe na hakimu kabla gari lake halijafungwa mnyororo. Wao hunijibu kwamba wakopeshaji watapandisha riba. Huenda wakapandisha, nami ningali nasema asikilizwe.