Klachi, tope na mjomba wa Vigwaza

Wiki za karibuni nimeonekana mjini na kucha zenye grisi na maswali yamekuwa mengi, basi nijibu yote kwa mpigo: najifunza kuendesha mkonga. Siyo kwamba sijui gari, gari naendesha tangu niko chuo. Najifunza Land Cruiser ya gia za mkono, ile yenye bomba la hewa lililopanda pembeni mwa kioo kama mkonga wa tembo, na darasa langu liko Vigwaza, ukishavuka Ruvu kama unaenda Chalinze.

Kilichonipeleka huko ni kazi. Hebu angalieni habari zetu za vijijini, za kwangu na za wenzangu. Nyingi zimepatikana mahali ambapo kutoka kwenye lami unafika kwa miguu bila kuchafua kiatu. Si kwamba huko ndani hakuna habari. Gari la ofisi lina dereva, dereva ana saa zake na watoto wake Dar, na mawingu yakifunga anageuza. Simlaumu hata kidogo. Ila mwenye usukani ndiye anayeamua mahojiano yaishe saa ngapi, na hilo hakuna aliyetufundisha darasani. Ndiyo maana ugomvi wa wakulima na wafugaji huku Pwani mnausoma kila mwaka kutoka kwenye midomo ileile ya viongozi, kwa sababu viongozi wanaweza kuja barabarani. Mama wa Chamakweza anayeswaga ndama kwenda kutafuta maji hawezi kuja barabarani kukusubiri wewe na kinasa sauti chako.

Na sisi kizazi cha IST na Vitz, jamani, gari kwetu ni herufi: P, R, N, D. Magari yanayofika kule ndani masika ni mengine kabisa.

Basi nikamwendea mjomba. Kwetu Wakwere mjomba ni mtu mzito, huendi kwake mikono mitupu wala huanzi na shida yako. Nikapeleka sukari na majani ya chai, shikamoo, marahaba, habari za mama yako, hadi jua likapinda ndipo nikasema. Mzee amekuwa dereva wa serikali zaidi ya miaka thelathini, alianza na Land Rover akamalizia na Land Cruiser, na hili lake kalinunua likiwa limeshachoka. Alinisikiliza, kisha akasema na yeye ana shida. Macho. Jicho moja limeshafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na usiku taa za malori zinampasukia usoni hadi haoni barabara. Kutoka kwake hadi lami ni kilomita sita. Mvua ikikolea bodaboda hazipiti, na mtu akizidiwa usiku mlango unaogongwa ni wake. Vijana wa pale wanaendesha pikipiki kwa ustadi wa kutisha, lakini gari watajifunzia wapi? Kwa hiyo akawa na wanafunzi wawili, mimi wa Jumamosi na Jumapili, na kijana mmoja wa jirani, wa kila siku.

Siku ya kwanza alinivua viatu. Mguu ujue klachi inashikia wapi, ndivyo alivyosema. Klachi, kwa wale wenzangu wa D, ni sahani iliyokaa kati ya injini na giaboksi. Ukikanyaga vinaachana, ukiachia vinashikana, na pale katikati vinapoanza kugusana ndipo penye elimu yote. Kwa saa mbili alinikataza kabisa kugusa mafuta. Nilidhani ananitania. Kumbe dizeli ile ya lita 4.2, silinda sita, ukiweka gia namba moja ukaachia klachi polepole, inatambaa yenyewe kama kobe na haizimiki. Ilizima kwangu mara nyingi tu, sikuhesabu, na kila ikizima kijana wa jirani alikuwa anaangalia miembe.

Halafu kuna ile gia fupi ya pembeni. Juu unaendesha magurudumu mawili, ukiivuta yanakuwa manne, na kuna ngazi ya chini yake yenye nguvu za ajabu na mwendo wa maiti. Ila kwenye gari la mjomba hiyo haitoshi. Lazima ushuke, uende kwenye magurudumu ya mbele, uinamie na kuzungusha kitasa katikati ya kila gurudumu ndipo yashike. Unayafunga kabla ya tope, mjomba anasisitiza, maana ukishazama utayafunga kwa kupapasa. Na ukifika lami urudishe gia ya juu, kwa kuwa gari hilo likiwa kwenye manne, shafti za mbele na nyuma zimefungwa pamoja, na kwenye barabara ngumu tairi haziwezi kuteleza kidogo ili zipishane, kona zikizidi utavunja kitu.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni dole gumba. Usilizungushie ndani ya usukani! Tairi ikigonga kisiki usukani unarudi kwa nguvu na unaweza kukuvunja kidole. Miaka yote hii ya kuendesha, sikuwahi kuambiwa.

Jumamosi ya tatu mvua ilianza mchana ikagoma kukatika. Saa nne usiku hodi. Mkwe wa jirani, mimba ya kwanza, uchungu umeanza. Mjomba alivaa koti, akachukua funguo, akanipa mimi. Kijana hana leseni bado na mzee hana macho ya usiku. Hesabu ilikuwa fupi.

Udongo wa kule ni ule mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu, masika unavimba na kunata hadi tairi inakuwa duara laini la tope. Kijana alishuka kufunga magurudumu, nikaweka gia mbili ya chini, tukaingia. Kwenye bonde maji yalikuwa yanapita. Kijana alitangulia na tochi na fimbo, yakamfika magotini, akatupungia tuje. Katikati gari likaanza kupoteza mwendo na mguu wangu wote wa IST ulitaka kukanyaga mafuta. Mjomba akasema neno moja tu, "Liache." Huko nyuma mama mkwe alikuwa anasoma dua kwa sauti. Nikaliacha. Mguu wa kushoto niliuweka mbali na klachi kama aliyegusa moto, kwa sababu ukiikanyaga pale injini inaachana na magurudumu na gari linasimama hapohapo. Nikawa nachezesha usukani kushoto na kulia kidogo kidogo tairi zitafute pa kushika. Matako ya gari yakaserereka upande, yakarudi. Tukatoka.

Kufika lami, nikarudisha gia ya juu, malori yamepanga foleni kuelekea mizani, nikakata kushoto kwenda Mlandizi. Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike, mama yake mzima.

Asubuhi majirani walichangishana hela ya dizeli, haikutosha, mjomba akapokea na kushukuru. Mwisho wa mwezi ninaingia Chamakweza, siku mbili, na nimeshamwambia mhariri asinitumie gari. Kijana ameanza kufuatilia leseni ya kujifunzia. Jumamosi hii ni somo la kubadili tairi, na mzee ametuagiza kila mmoja aje na kipande cha ubao mnene. Jeki anayo, ila kwenye udongo ule, bila ubao chini yake, gari halinyanyuki, inazama jeki.