Hotpoti ya mama getini

Haya, leo hakuna siasa wala mkutano wa waandishi wa habari. Leo tuongelee kula, kucheza na kuteleza kwenye maji, maana mshahara ulitoka na nikautumia kama mtu asiyedaiwa kodi ya chumba.

Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa viwanja. Dar hii nimeizunguka. Ukiniuliza kuku wa kuchoma nitakwambia nenda Mamboz, pale kona ya Morogoro na Libya, jioni majiko yakishawaka, ukae barabarani upuliziwe moshi na magari yakupitie mgongoni. Harufu inakukaribisha kabla ya mhudumu. Ukiniuliza mihogo nitakwambia Coco Beach, na pilipili usiweke kwa kujionyesha mbele ya mchumba, utaumbuka. Ukiniuliza hivi vijiwe vipya vya Masaki, vyenye taa hafifu na majina ambayo mhudumu mwenyewe anayatamka kwa tabu... hapo tutazungumza kidogo.

Kuna kimoja, jina naliacha, nilikwenda na mwenzangu wa kazini. Dada wa kutuhudumia akatusalimia kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kiswahili. Akaendelea na Kiingereza. Nikamuuliza, "Dada, wewe kwenu wapi?" Akacheka, akajibu taratibu kwa Kiswahili safi kabisa cha Dodoma kwamba bosi hataki. Nikaagiza maji. Bei ya ile chupa, kwetu Tabata ungekula wali maharage na chenji ukarudishiwa. Chakula kilikuwa kitamu, siwezi kusema uongo. Ila muda wote nilikaa kama niko kwenye usaili wa kazi.

Basi bwana, mwisho wa mwezi mpwa wangu wa miaka saba alinikumbusha ahadi. "Mjomba, ulisema tutakwenda kuteleza." Nilisema kweli, tena mbele ya mashahidi. Nikampigia mama, nikamwambia tunakwenda wote, naye akapumzike, maana mama yangu tangu nimjue sijamwona amekwenda mahali kwa ajili ya kustarehe tu. Ni msiba, harusi, kanisani na sokoni.

Nilipofika kumchukua asubuhi nikamkuta yuko tayari. Amevaa kitenge chake cha harusini, amebeba hotpoti kubwa aliyoifunga kwa kanga. Ameamka alfajiri kupika pilau.

"Mama, kule kuna chakula."

"Chakula cha kununua," akasema, kama vile anataja ugonjwa.

Nikanyamaza. Tukaenda.

Hiyo bustani ya michezo ya maji nayo naiacha bila jina. Foleni ilikuwa ndefu, magari ya maana, watoto na maboya yao. Zamu yetu ilipofika, mlinzi akaigonga ile hotpoti kwa kidole.

"Mama, chakula cha nje hakiruhusiwi."

Mama akamtazama. "Hiki si cha nje, mwanangu. Ni cha nyumbani."

Watu nyuma yetu wakacheka. Mlinzi naye akacheka, lakini mkono wake ukabaki palepale. Sheria ni sheria. Na mimi, jamani, badala ya kucheka na wenzangu, niliona aibu. Nikamgeukia mama nikasema kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, "Si nilikwambia usibebe?" Kwanza sikuwa nimemwambia. Pili, watu walisikia.

Mama hakujibu. Akaifungua ile kanga, akaifunga tena vizuri zaidi, akaikabidhi hotpoti. Ikawekwa chini ukutani, karibu na pipa la taka, pamoja na mifuko ya watu wengine. Halafu nikalipa viingilio, na mama akalipiwa sawasawa na wanaokwenda kuteleza.

Ndani mtoto alifurahi, hilo lazima niliseme. Yale mabomba marefu yanayokuzungusha na kukumwaga bwawani, aliyapanda mpaka nikapoteza hesabu. Maji yalikuwa masafi, waokoaji wako macho, kila mtu anapiga kelele ambazo nyumbani angechapwa. Mimi mwenyewe niliteleza mara mbili nikapiga yowe kama mtoto. Kama ni michezo, pesa ilikwenda kihalali.

Lakini kila nilipoibuka kwenye maji nilimwona mama. Amekaa kwenye ukingo wa saruji, maana viti vya kulala vilikuwa vya kukodi, ameshika viatu vyetu mapajani. Saa saba nikanunua chipsi na kuku, sahani moja elfu 15. Akasema ameshiba. Ameshiba nini, na chakula chake kiko getini?

Nikaanza kuangalia pembeni. Kumbe kila familia ina wa kwake. Bibi mmoja na mkoba. Dada wa kazi mmoja na mtoto mchanga. Baba mmoja na simu sita za watu. Wamekaa kwenye saruji, wamelipa kama sisi, na pale ndani nzima hapakuwa na kitu hata kimoja kilichotengenezwa kwa ajili yao.

Saa tisa nikasema tuondoke. Tukachukua hotpoti, nikamwambia dereva wa bajaji atupeleke Coco. Sikuwa na mpango, nilitaka tu mahali pasipo na geti.

Coco unaijua. Hakuna kiingilio. Kuna wanaokuja na magari ya bei mbaya na kuna waliokuja kwa miguu, na bahari ni ileile. Mvutano wa nani apewe ufukwe ule umekuwepo miaka mingi, na kila ukisikika watu wa mji huu wanakasirika, nao wana haki. Tukatandika kanga. Nikanunua mihogo na madafu kwa heshima ya mwenye biashara, mama akafungua hotpoti, na mvuke ukatoka! Saa tisa na nusu, pilau bado ya moto. Muuza mihogo akasogea kunusa. Mama akampakulia.

Tulipokuwa tunakula nikamwomba radhi kwa yale ya getini. Akatikisa mkono kama anafukuza nzi. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Unadhani starehe mmezianza nyie? Mimi nimecheza dansi mjini hapa."

Nikaacha kutafuna. Mama yangu, wa kwaya?

Akanieleza. Ni miaka ya themanini, sukari ya foleni, sabuni ya foleni, lakini Jumamosi dansi. Mji umegawanyika kama Simba na Yanga. Huku Sikinde, yaani Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978. Huku Msondo, bendi iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964 na ambayo enzi zile iliitwa JUWATA. Marehemu Muhidin Gurumo, aliyetutoka mwaka 2014, aliimba kote kuwili, na mashabiki wakaendelea kubishana vilevile. Mama alikuwa Sikinde. Marehemu baba alikuwa Juwata wa kufa mtu.

"Sasa mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Sikinde. Baba yako hakujua kucheza. Alikuwa anakaa mezani na soda yake, ameshika viatu vyangu na kibegi. Mimi nikichoka narudi, namkuta palepale."

"Na hakuchoka?"

"Alikuwa na kiti kizuri, na muziki anausikia. Achoke nini?"

Mpwa wangu akauliza bibi alikuwa anachezaje. Bibi akasimama pale mchangani, peku, akaonyesha kidogo. Kidogo tu. Mimi nilishika viatu.

Hiyo tabia kumbe nimerithi. Mwaka wangu wa pili chuoni nilikwenda Bilicanas pale Mkwepu, kabla haijafungwa mwaka 2016 na jengo kubomolewa. Usiku kucha nilikaa na makoti ya marafiki wanne na soda moja. Nilifurahi kuliko waliocheza.

Kwa hiyo maoni yangu ya mwezi huu ni haya. Sipingi biashara. Mwenye bwawa ananunua dawa ya maji, analipa waokoaji, na akiruhusu kila hotpoti atafagia mifupa mpaka usiku. Lakini anayekuja kuangalia tu atozwe kidogo. Awekewe kiti kivulini kisicho cha kukodi. Na iwepo kona moja, hata kwa kulipia, ya kula chakula kilichotoka nyumbani. Mjini hapa familia haiendi matembezi bila bibi, na bibi haendi matembezi bila hotpoti.

Mimi siku hizi nikiingia mahali, iwe baa, mgahawa au bwawa, siangalii tena taa wala orodha ya vyakula kwanza. Naangalia yule anayeshika viatu amekaa wapi.

Mwezi ujao nimemwahidi mama dansi. Ameshasema Msondo haendi.