Uvimbe Shingoni mwa Mama

Sisi wakaza mwana watatu, tulioolewa katika nyumba moja huko Njombe, tulilizoea rovu la mama mkwe wetu kama tulivyozoea sauti yake. Katika nyanda za juu, ambako udongo una upungufu wa madini joto, wanawake wengi wa umri wake wanalo. Mama alilifunika kwa kitenge, nasi hatukuuliza.

Jumapili moja mwaka 2022 tulipokuwa tukimvalisha, ushanga aliouvaa miaka yote haukufungika tena. Rovu lilikuwa limekua. Tulitazamana tukanyamaza. Neno saratani lilikuwa mioyoni mwetu sote, lakini hakuna aliyethubutu kulitamka.

Mama alikataa hospitali. Jirani alikuwa amemwambia kwamba shingo ikishaguswa na kisu, mtu harudi. "Niacheni na rovu langu, wanangu," alisema. Hatukubishana naye. Tulimwambia kwamba ni kupimwa tu, na kwamba tutakwenda naye sote watatu. Baada ya majuma mawili alikubali.

Daktari kijana alimwamkia shikamoo, akamlaza chali na mto chini ya mabega. Alimpaka shingoni dawa nzito ya baridi, kisha akapitisha kifaa kidogo taratibu. Hiyo ndiyo ultrasaundi. Haina maumivu wala mionzi. Mashine hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia, na mwangwi wake huchora picha ya tezi.

Macho yetu yalikuwa kwenye ule uvimbe mkubwa. Daktari alitutuliza. Ulikuwa na upana wa sentimeta tatu na nusu, lakini ndani ulikuwa na vitundu vingi kama sifongo, na uvimbe wa namna hiyo kwa kawaida si saratani. Ndipo akasimamisha kifaa upande wa pili, mahali ambapo hatukuwa tumeona kitu. Palikuwa na kivimbe cha milimita 12 tu.

"Hiki ndicho kinachonipa shaka," alisema.

Alitueleza sababu. Kilikuwa kimejaa nyama, si maji. Kilionekana cheusi kuliko tezi yenyewe. Kingo zake hazikuwa laini. Kilikuwa kirefu kuliko upana wake, tena ndani kilikuwa na vitone vidogo vyeupe. Kila dalili hupewa alama, na jumla ya alama huonyesha daraja la shaka, kuanzia la 1 hadi la 5. Kivimbe hiki kilikuwa daraja la 5, ambalo hufanyiwa kipimo cha sindano kikifika sentimeta moja.

"Kwa hiyo ni saratani?" tuliuliza.

"Picha haiwezi kusema hivyo," alijibu. "Picha inatuambia tu pa kuchoma sindano."

Alitumia sindano nyembamba kufyonza chembe chache huku akiitazama njia yake kwenye picha. Mama alisema haikumuuma kuliko sindano ya kawaida. Siku za kungoja jibu zilikuwa ndefu. Tulipika bila hamu, tukaomba, tukalia jikoni ili Mama asituone.

Ilikuwa saratani, ya aina ile ambayo mara nyingi hukua polepole na hutibika vizuri ikigunduliwa mapema. Mama alifanyiwa upasuaji, tezi yote ikaondolewa. Sasa kila asubuhi, kabla ya kula, humeza kidonge kinachofanya kazi ya tezi, na atakimeza maisha yake yote. Ushanga wake unafungika tena, juu ya kovu jembamba.

Akina mama wenzetu, hatuandiki haya kuwatia hofu. Zaidi ya vivimbe tisa katika kila kumi vya tezi hii si saratani, na vingi havihitaji hata sindano. Lakini macho na vidole vyetu havitoshi kuvitenganisha. Sisi tuliogopa kikubwa, na hatari ilikuwa katika kidogo. Ukiona uvimbe shingoni unakua, sauti inakwaruza kwa muda mrefu, au kumeza kunakuwa taabu, usijifunike kitenge. Nenda ukapimwe. Na kama ni mama yako au mama mkwe wako anayeogopa, usimwambie tu aende. Mshike mkono mwende pamoja.