Kiti cha Asiyekuwepo

Useremala ni kazi ya kuona vitu kwa upande wa nyuma. Mwenye nyumba anaona uso wa kabati. Fundi anaona mgongo wake, misumari iliyofichwa na fundi wa kabla yake, gundi iliyokauka, mahali mbao ilipolika na mahali isipolika. Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye migongo hiyo: kwanza Unguja, kwenye milango na makasha ya zamani yaliyohitaji kukarabatiwa, kisha Dar es Salaam, kwenye makochi, makabati ya vyombo na vitanda vya watu wa kawaida. Siri za ufundi nilizonazo wanazo wengi. Kilichonibakia cha kwangu ni hoja moja, na insha hii naiandika ili niitetee: sehemu kubwa ya tunavyoviweka nyumbani, hasa vile tunavyovitunza kuliko vingine, havikuwekwa kwa ajili ya wanaoishi humo. Vimewekwa kwa ajili ya mtu ambaye hajafika, au ambaye hayupo tena. Maana ya samani, ambayo watu huisaka kwenye nakshi na rangi, mimi nimeiona hapo.

Ushahidi wa kwanza ni uchakavu. Kochi la sebuleni hufika kwa fundi kitambaa kimepauka kwa jua la dirishani huku sponji ikiwa bado ngumu. Stuli ya jikoni, iliyonunuliwa baada ya kochi hilo na kwa bei isiyofika hata robo, huja miguu imelegea na kikalio kimebonyea. Kabati la vyombo lina bawaba zilizochoka kwa kufunguliwa kila wiki na kufutwa vumbi, lakini rafu zake hazina mkwaruzo, kwa kuwa vikombe vilivyomo vililetwa kwenye kichen pati na tangu siku hiyo havijatiwa chai. Mtu wa hesabu atasema huo ni upotevu, na kwa hesabu zake yuko sawa. Ila hesabu hizo hazielezi kwa nini mteja hulipia ukarabati wa kabati la marehemu mama yake fedha ambazo zingemnunulia jipya kwa mafundi wa Keko na chenji ikabaki. Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Mihaly Csikszentmihalyi na Eugene Rochberg-Halton, katika kitabu walichokitoa mwaka 1981, waliwahoji watu 315 wa familia 82 za eneo la Chicago kuhusu vitu vya nyumbani walivyovithamini, na sababu walizopewa zilielekea kwenye kumbukumbu na watu kuliko bei ya kitu. Ninachoongeza mimi kwenye matokeo hayo ni kidogo tu: kumbukumbu ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni matarajio, na hiyo kwenye nyumba zetu ndiyo inayokula nafasi kubwa.

Nyumba ya mawe ya Lamu inalionyesha jambo hili vizuri kuliko nyumba nyingine yoyote ninayoijua. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko haubebi dari la mawe na chokaa upana ukizidi mita tatu hivi, kwa hiyo nyumba hukua kwa kupanga vyumba sambamba, kimoja nyuma ya kingine. Chumba cha namna hiyo hakina nafasi ya meza ya katikati wala kabati kubwa, na pambo likalazimika kuingia ukutani. Ndipo tunapozikuta zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa, zikipangwa sahani za kaure kutoka Uchina na vitu vingine vya thamani. Mtu angetarajia pambo hilo likae mbele, mgeni anapoingilia. Lakini mbele kuna daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na mabaraza yake ya mawe, ambako wageni wengi waliishia. Kisha kuna tekani, yaani ukumbi wa pili wa kuingilia, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, na zidaka kubwa ziko ndani kabisa, kwenye ukuta ambao mpita njia hakupata kuuona. Zilikuwa zinamwonyesha nani? Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba hizo, alizieleza zidaka na kaure kuwa ni kinga, kwa sababu upande huo wa ndani ndiko kulikohusika na uzazi na kuosha maiti, nyakati mbili ambazo nyumba huwa wazi kwa madhara. Wapo wanaozieleza kwa sababu ya macho tu, kwamba vishubaka huongeza kina kwenye chumba chembamba, na mimi kama fundi nasema sababu zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Kwa hoja yangu linalotosha ni kwamba pambo la gharama kubwa kuliko yote lilikuwa pale anapopokewa anayekuja na anapoagwa anayekwenda. Kaure hiyohiyo iliwekwa pia makaburini, kwenye nguzo za Kunduchi kaskazini mwa Dar es Salaam na ile ya Mambrui kwenye pwani ya Kenya, ambako hakuna awezaye kudai kuwa ilikuwa ya kulia chakula. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye, alipoomboleza kuanguka kwa mji wa Pate katika utenzi wa Al-Inkishafi, hakuishia kwenye kutaja mali iliyopotea. Aliingia ndani ya nyumba, akazitazama zidaka, akawaona ndege waliozifanya viota. Alijua wapi pa kutazama.

Kiti cha enzi nacho, kile cha nyumba za kale za Waswahili, kwa kipimo cha starehe ni kiti kibaya. Mgongo wake umesimama wima, kikalio ni bapa, na ubao wa miguu unamlazimisha aliyekikalia akae kama anayepigwa picha. Ni mbao nyeusi ya gharama, imetiwa vipande vya pembe na mifupa, sehemu za mgongo zimesukwa kwa uzi. Fundi aliyekitengeneza hakushindwa kutengeneza kiti cha kupumzikia. Wataalamu wamebishana kuhusu asili yake, wengine wakitazama Misri, wengine India na Wareno, na mabishano hayo yana faida zake. Ila anayetaka kujua kiti hicho kina maana gani hahitaji kungoja mpaka yaishe. Kilikuwa cha mgeni wa heshima na cha siku ya harusi. Siku nyingine zote kilikaa kitupu, na utupu huo ndio uliokuwa kazi yake: kila aliyepita chumbani alikumbushwa kwamba nyumba hii ina mtu inayemtarajia, na kwamba siku atakapofika mwenyeji atakaa chini yake.

Hapa napishana na wanaosoma maana kwenye nakshi. Mtalii wa Mji Mkongwe huelezwa kwamba yungiyungi ni uzazi, samaki ni neema, mnyororo ni ulinzi, na njumu za shaba ni za kuzuia tembo. Sisemi kwamba alama hazina historia. Nasema ni ushahidi dhaifu, kwa sababu wachongaji hufuata ruwaza, ruwaza hunakiliwa, na mteja huchagua alichokiona kwa jirani. Njumu hizo husemekana zilitoka India, lakini tembo wa vita hakupata kupita kwenye vichochoro vya Unguja, na njumu ziliendelea kupigiliwa. Ushahidi wenye nguvu zaidi uko upande wa pili wa mlango. Nakshi yote iko nje, kwenye fremu na kwenye mti wa katikati. Ukiingia ndani unakuta mbao za kawaida zilizoshikanishwa kwa mataruma. Mwenye nyumba alilipa fedha nyingi kwa uso ambao yeye akiwa ndani haoni hata kidogo. Anayeuona ni anayebisha hodi.

Jibu la haraka kwa haya yote ni kwamba ninaipa majivuno jina zuri. Naipokea nusu ya shutuma hiyo. Majivuno yamo, hakuna fundi wa samani asiyeishi kwa majivuno ya wateja. Lakini majivuno yanaeleza kununua, hayaelezi kukarabati. Anayetaka kuringa hununua kipya, naye anayerudisha kabati lililopitwa na wakati, la mtindo ambao majirani wanaucheka, anasukumwa na kitu kingine. Tena majivuno hayaelezi msiba. Nyumba ikifiwa, hapa Dar es Salaam na kwingi kwenye pwani, makochi hutolewa nje, meza husukumwa, mikeka na majamvi hutandikwa, wanawake wakakaa chini ndani na wanaume chini ya turubai. Sebule iliyotunzwa kwa miaka huvunjwa kwa saa moja bila mtu kulalamika. Kama samani zile zingekuwa za kuonyesha mali, hiyo ndiyo ingekuwa siku yake kubwa kuliko zote, maana nyumba haipati watazamaji wengi kama siku ya msiba. Zinaondolewa kwa sababu anayepokewa siku hiyo haji kukaa kwenye kochi. Mafundi tulijua hilo kwa vipimo kabla hatujalijua kwa mawazo: kochi lisilopita mlangoni ni kochi baya, hata likiwa zuri namna gani, kwa kuwa itafika siku litatakiwa kutoka.

Shutuma nzito zaidi ni ya historia, nayo sitaki kuipita kwa haraka. Majumba yale ya mawe yalikuwa ya waungwana, na kazi zake zilifanywa na watumwa ambao hakuna kidaka kilichochongwa kwa ajili yao. Ukarimu wa nyumba hizo ulikuwa pia biashara. Wafanyabiashara waliokuja kwa upepo wa kaskazi walilazimika kungoja kusi ili warudi kwao, na sabule ya juu, yaani chumba cha wageni, ilimhifadhi mtu ambaye mwenyeji alikuwa na haja ya bidhaa zake. Na utaratibu uleule wa vyumba kufuatana ndani ya vyumba uliwafungia wanawake kwa ndani. Yote hayo ni kweli, na hayaiangushi hoja, kwa sababu sikusema kwamba maana ya vitu ni wema. Nimesema kwamba vitu vinatuambia nani anangojwa. Kwa hiyo vinatuambia pia nani hangojwi, na kwenye nyumba zile jibu ni la wazi na la kuumiza. Anayezipamba hoteli zake kwa sifa za utamaduni wa Waswahili angefaa aulize watu wangapi walilala sakafuni ili kiti kimoja kikae kitupu.

Kuna anayesema basi kwamba hii ni habari ya wenye nafasi. Mwenye chumba kimoja cha kupanga ana lipi la kumwekea asiyekuwepo? Hapo ndipo ushahidi unaponiridhisha zaidi. Chumba hicho hukatwa kwa pazia, kitanda upande mmoja, na upande wa pili, ambao ungeweza kuwa wa watoto kulala, vikawekwa viti viwili na kimeza chenye kitambaa cha kufuma. Nyuma ya mlango kuna mkeka uliokunjwa. Kwenye beseni la vyombo kuna bilauri moja isiyofanana na nyingine, na watoto wanajua haiguswi. Kwa hesabu ya mita za mraba, maskini huyu anamtengea mgeni sehemu kubwa ya nyumba kuliko tajiri wa Masaki. Hafanyi hivyo kwa kukosa akili ya matumizi. Nyumba isiyoweza kumkalisha mtu, kwa fikra za wengi wetu, bado ni ghala la kulala.

Pingamizi la hoteli ndilo lililonisumbua kwa muda mrefu kuliko mengine. Tangu Mji Mkongwe wa Zanzibar uingizwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, soko la milango, makasha na vitanda vya samadari limejaa wenye hoteli, na mafundi tumekula humo. Mlango umegeuzwa meza, kasha limewekewa kioo juu. Ukizishika hoja zangu, hoteli ingekuwa ndiyo nyumba kamili kuliko zote, kwa kuwa kila kitu ndani yake kinamngoja mgeni. Tofauti naiona hapa: kiti cha hoteli kinamngoja yeyote aliyelipa, na akiondoka asubuhi anayekuja jioni anajaza nafasi ileile bila kitu kubadilika. Kabati la mama halingoji yeyote. Linamngoja binti fulani aolewe, mjomba fulani arudi kutoka Muscat, na mtu huyo asipofika halipati wa badala. Mbao ni moja, ufundi ni mmoja, pengine hata kasha ni lilelile. Kilichoondoka ni jina la anayengojwa, na hakuna vanishi ya kukirudisha.

Siku hizi agizo linalotawala ni kochi la kona lililojaza ukuta, likiielekea televisheni. Ni kochi la starehe kweli, na limetengenezwa kwa ajili ya waliomo: hakuna kiti hata kimoja kinachoutazama mlango. Sijalikataa agizo hilo hata mara moja. Fundi anayechagua wateja kwa falsafa hulala njaa. Huwa namshauri mteja aache nafasi ya kiti kimoja cha peke yake, chepesi, cha kuhamishika. Wengi hukataa kwa sababu ya udogo wa vyumba, na vyumba vya ghorofa za siku hizi ni vidogo kweli. Wanaokubali siwatozi sana, kwani vipande vya mninga vinavyobaki kwenye kochi la watu sita vinatosha kiti kimoja, na kazi yake haizidi siku mbili.