Mlango wa Ngagara

Ushonaji umenilisha hapa Kinama, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, Burundi, tangu ujana wangu. Nashona kwa cherehani ya miguu, barazani, uso ukitazama barabara, na akaaye hapo huona mengi yakipita: harusi, majeneza, wanajeshi, watoto wa shule. Vijana wa kanisani kwetu huniuliza nilijuaje njia ya kupita miaka ile ya vita. Nawajibu kwamba Mungu aliniongoza, nao hutaka kujua alifanyaje. Basi nitasema nilivyoona.

Mwishoni mwa Februari 2001 wapiganaji wa FNL, kundi la waasi, waliingia Kinama usiku. Jeshi likaja kuwatoa, na sisi wakazi tukatoka kwa maelfu na vile vilivyobebeka. Nililegeza skrubu, nikang'oa kichwa cha cherehani kwenye meza yake, nikakifunga kwa kitenge na kujitwika. Mke wangu alimbeba mdogo mgongoni, wakubwa wakabeba sufuria na unga. Shemeji alitaka twende Gatumba, tuvuke mpaka hadi Uvira, Kongo. Tukasimama kando ya njia tukaomba.

Sikusikia sauti yoyote. Kilichonijia ni sura ya mama mmoja wa Ngagara niliyekuwa nikimshonea kabla ya vita. Ngagara! Tangu Rais Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura iligawanyika, huku kwetu Wahutu, kule Ngagara Watutsi, na mtu wa Kinama hakukanyaga Ngagara bila hofu. Mama yule ni Mtutsi, na mumewe aliuawa wakati wa krizi, kama tuitavyo machafuko yaliyofuata kifo cha rais. Shemeji akaniambia nimepotewa na akili. Nikaenda.

Mama alifungua geti, akautazama mzigo kichwani kwangu, akasema, "Fundi, tua. Watoto wamekula?" Hakuuliza lingine. Tulilala kwake hadi mapigano yalipokwisha, karibu wiki mbili, na kila asubuhi alifuatana na mke wangu kuchota maji ili mtu asimguse. Ninapoisikia rehema ya Mungu ikihubiriwa, namwona mama yule na funguo zake mkononi.

Tuliporudi, wenzangu walinishauri nihamie soko kuu la mjini, kwenye wateja wengi. Tuliomba tena, mimi na mke wangu, na moyo ukatulia hapahapa. Mwaka 2005 serikali ikafuta karo ya shule za msingi. Watoto wakafurika madarasani, kila mmoja akihitaji sare ya kaki, na cherehani yangu ikawa haipoi. Soko kuu liliungua tarehe 27 Januari 2013, na mafundi ninaowafahamu wakapoteza kila kitu. Sisemi kwamba Mungu alinipenda kuliko wao. Walikuwa waombaji, wengine kunishinda.

Hilo nalikazia kwa sababu ya Februari 2014. Usiku wa tarehe 9 mvua ilinyesha kupita kiasi, maji yakateremka kutoka milimani, na nyumba za matofali mabichi zikayeyuka huku watu wakiwa ndani. Mitaa ya kaskazini ilizika watu zaidi ya 60. Mmoja wao ni dada wa kwaya yetu, aliyefunga na kuomba kuliko yeyote kati yetu. Kijana akiniambia kwamba mwenye imani hapatwi na mabaya, namkatalia mbele ya watu wote. Anawatukana marehemu wetu.

Usiku ule familia zilikuja barazani kwangu zikitiririka matope. Sikuhitaji kuomba nionyeshwe la kufanya. Nilikwisha kuonyeshwa Ngagara. Tuliwasha moto, tukawagawia vitambaa vya wateja wajifunike, na wateja wenyewe, walipokuja kuvidai, hakuna aliyelalamika.

Mke wangu na mimi bado tunashona. Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa Septemba, tunaunga mabaki ya kaki kuwa sare za watoto wasio na wa kuwanunulia. Kama unaye mtoto wa namna hiyo, mlete apimwe. Usimkalishe nyumbani kwa kuona haya. Hatuulizi kabila wala kanisa.